Gari Lisilotaka Kutulia

Mjomba alifunga geti la gereji, akatia ufunguo kwenye mfuko wa shati, akaniambia nikae kiti cha dereva nikanyage breki. Gari lile nilikuwa nimeahidi kulimaliza kabla sijaondoka, na mchana huohuo nilitakiwa kiwandani kuanza kazi mpya. Nikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Mjomba alilijua hilo vizuri sana.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Chini ya kiti kuna sensa, kidude kinacholiambia gari kwamba linageuka au linateleza. Tulikuwa tumefunga mpya, na sensa mpya lazima kwanza ifundishwe kutulia: gari lisimame tuli, milango ifungwe, mtu asijitikise, mpaka taa ya onyo izimike. Likitikisika hata kidogo, unaanza upya.

Basi likatikisika. Nikaanza upya. Likatikisika tena. Vioo juu, jua kali, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, nami siruhusiwi hata kujikuna. Nikalaumu upepo, nikalaumu malori ya barabarani, nikamlaumu aliyeiunda hiyo sensa na ukoo wake wote. Mjomba huko nje ananituliza, eti mwenda pole hajikwai. Mwenda pole gani, na mimi nimefungiwa humu kama chakula cha mgonjwa kwenye hotipoti?

Ndipo nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni. Goti la mjomba lilikuwa kwenye bampa ya nyuma, linasukuma.

Hasira zikanipanda, nikashika kitasa nimtukane. Kisha zikaniishia zote, nikabaki na huruma. Mtu huyu ndiye aliyenilea tangu dada yake, mama yangu, alipofariki. Gereji ni sisi wawili, na nyumbani ni sisi wawili.

Nikashuka. Nikamwambia aingie yeye akanyage breki, mimi nitasimama nje. Akaingia bila kubisha. Nikabonyeza kompyuta inayoifundisha sensa ianze, nikafunga mlango, nikasogea mbali. Sasa angejitikisa kidogo tu, ningeshinda hapo gereji hadi jioni.

Hakujitikisa. Alikaa tuli, mikono kwenye usukani, machozi yanamshuka na hayafuti. Taa ikazimika.

Nikafungua mlango. Hakunigeukia.

“Ufunguo uko mfukoni, mwanangu,” akasema. “Chukua mwenyewe. Nikiutoa mimi, sitakupa.”