Mpishi wa Maji

Wenzake walimwita Mpishi wa Maji, naye alishachoka kukasirika. Tangu tetemeko lizibe jicho la chemchemi ya maji moto, kazi yake pale hotelini ilikuwa kuchemsha maji ya bomba nyuma ya jiko, kuyapima kwa kiwiko, kisha kuyatia konzi ya unga wa salfa yanuke kama ya zamani. Wageni walijitumbukiza, wakavuta pumzi, wakaisifu ardhi. Masikini weh! Mwenye hoteli alishaonya kwamba atakayefungua mdomo akatafute kazi kwingine. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata hii ilikuwa na mama wa kulisha.

Mama huyo aliogeshwa bure kila asubuhi kabla ya wageni kuamka. Historia ya maji yale aliijua yote: punda kilema aliyeingia akichechemea akatoka mbio, na wagonjwa walioacha mikongojo yao, ambayo mpaka leo imetundikwa ukutani. Mmoja ni wake. Ujanani baridi yabisi ilimlaza, akaletwa amebebwa, akarudi kwa miguu yake. Basi daktari aliposema kidole chake cha mguu chenye kidonda cha kisukari kikatwe, alicheka.

"Nina maji yangu," alisema.

Binti yake, yule mpishi, angeweza kumwambia ukweli siku ile ile. Aliogopa, akajiambia kesho, na kesho ikazaa kesho. Sasa weusi ulikuwa umefika kifundoni.

"Mama, toka majini twende hospitali. Haya ni maji ya bomba. Nayachemsha mimi."

"Daktari kakutuma, eh?"

"Chemchemi ilikufa, mama! Harufu naitia mimi, kwa mkono huu. Hebu nusa."

Mama alinusa kiganja, akakisukuma kando. "Si umeuchovya humu? Nimeoga hapa wewe hujazaliwa, leo unifundishe harufu? Sema tu unataka wanikate."

Binti aliapa, akalia, akapiga magoti juu ya vigae vilivyolowa. Haikusaidia. Alikuwa amepika vizuri mno. Mwishowe aliushika ule mguu, akaubinya kwa kucha kwa nguvu zake zote. Mama hakushtuka.

"Unaona?" mama alisema, macho ameyafumba kwa raha. "Jana mguu uliniuma, leo wala. Yanapoa haya, mwanangu. Niongezee ya moto."

Binti alichukua ndoo, akaenda nyuma ya jiko.