Gauni la Mama Neijab

Mtoto wa Lijon alikuwa anatimiza mwaka, na visiwani Marshall hakuna karamu inayoipita hiyo. Watu wote huja, wala hafukuzwi mtu. Shelisheli zilikuwapo, zile zilizofukiwa shimoni askari wa Kijapani wasizione. Aliyekosekana ni baba wa mtoto tu. Labin alitoroka kwa ngalawa wakati wa njaa, akawakimbilia Wamarekani, na sasa yumo ndani ya manowari ile ya kijivu iliyosimama nje ya mwamba, akiwaonyesha njia.

Vita vimekwisha, redio ilisema. Lakini manowari haiingii mpaka ione bendera nyeupe, na ngome nzima ya Wajapani haikuwa na kitambaa cheupe. Mashuka yote walikwisha kuyapaka tope, ndege zisiwaone.

Kapteni Ogata, mkuu wa ngome, alikuja mwenyewe, amekonda kama ufito, akainama mlangoni.

"Mama, nasikia una gauni la kanisani."

Mama Neijab, mkwewe Lijon, alikuwa amelizika gauni lake kwenye debe, alivae siku ya karamu.

"Kuku wangu mliwala. Nguruwe mlimla. Mmebakiza nguo?"

"Tunataka kusalimu amri, mama. Hatuna cha kupepea."

Lijon aliuma mdomo asicheke. "Mama, mwanao yuko kwenye meli ile. Bila gauni haji."

"Nami nivae nini?"

"Mkeka wa majani ya mkadi, kama walivyovaa bibi zako."

"Bibi zangu walikuwa wembamba." Hata hivyo akalifukua. "Kapteni, likichanika, vita vinaanza upya."

Gauni lilipandishwa kwenye mlingoti wa boti ya Kapteni, ikaelekea kwenye manowari. Upepo ukalijaza, mikono yote miwili ikawa inapunga. Wanawake ufukweni walishika mbavu kwa kicheko.

"Neijab huyo, kaenda kuwateka Wamarekani."

"Watamtosha?"

Lijon hakucheka nao. Alimkumbatia mtoto, macho kwenye manowari, mpaka ilipoanza kusogea, taratibu, ikaingia mlango wa mwamba.

Labin ndiye aliyetangulia kuruka majini, gauni kichwani lisilowe.

"Nilimwambia kamanda, msipige, yule mama yangu," alisema, akamchukua mtoto. Mtoto alimkagua, kisha akamvuta pua.

Jioni Mama Neijab alikaa katikati ya karamu, gauni likinuka mafuta ya mashine. Akajaza sahani shelisheli.

"Mpelekeeni Kapteni huko alikofungwa. Karamu haifukuzi mtu. Ila mwambieni nguruwe wangu sijamsahau."