Hori ya Manjano

Si kila siku mtu mzima huuziwa kayaki akidhani ni hori ya kunyweshea ng'ombe, lakini Tajeu wa Kitengela aliuziwa, tena akapunguziwa bei. Ilikuwa mwaka wa 1998, mvua imekataa kuisha, na aliyemuuzia pale soko la mifugo la Bisil alikuwa na haraka ya ajabu ya kuondoka. Hori yenyewe ilikuwa ndefu, wazi juu, ya manjano ya kuumiza macho. Kila jioni ng'ombe walikunywa humo, naye Tajeu akaisifu hadi majirani wakachoka.

Mkewe Mutindi aliitambua siku ile ile. Kwao Masinga baba yake alivua samaki bwawani, na yeye alishika kasia kabla hajajua kusonga ugali. Lakini tangu aolewe huku kwenye vumbi, hakuna aliyewahi kumwuliza anajua nini kuhusu maji, na jambo hilo lilimuuma.

Sasa fundi Ndambuki alikuwa ameitwa aje kesho na msumeno, akate ncha mbili za ile hori zilizokuwa zikiwadunga ndama. Mutindi akaona akinyamaza leo, atanyamaza maisha yake yote.

"Baba Nailantei, twende mtoni na hiyo hori yako. Mara moja tu, halafu kesho ukate."

"Mtoni? Mimi si samaki!"

"Wewe kaa tu. Nitakupeleka mimi."

Tajeu alicheka, lakini alienda. Alikaa mbele, rungu mkononi, shuka ameikaza kiunoni kama mtu anayepelekwa kortini. Mutindi alikaa nyuma na kasia alilolichonga kutoka ubao wa kitanda kibovu. Walipoliacha jiwe la kufulia nguo, walipoingilia majini, mikono yake ilikumbuka yenyewe. Maji yalikuwa yametulia, jua linashuka, na furaha ikamjaa hadi akaanza kuimba.

"Sidai!" Tajeu alimsifu kwa Kimaasai, akigeuka kumtazama. "Kumbe wewe uko na mambo namna hii?"

Mutindi alikuwa akitazama maji; yalikuwa yamebadilika rangi. Huku kwao mbingu ilikuwa safi, lakini kule Ngong, mto unakotoka, kulikuwa kumenyesha, na sasa mto ulikuwa unaleta povu na matawi. Lile jiwe likafunikwa. Mkondo ukawapitisha mbele ya njia yao ya kurudi, giza nalo likaanza kuingia.

"Mama Nailantei," Tajeu aliita kwa sauti ndogo ambayo Mutindi hakuwahi kuisikia, "tunaenda wapi?"

"Shika kando na usisimame!"

Kuizuia kayaki isipinduke aliweza. Mahali pa kutokea ndipo hakupaona; kote kingo zilikuwa zimesimama wima na maji ni marefu.

Ndipo ng'ombe akalia. Saa ya kunywa maji ilikuwa imefika, kundi limekuta hori haipo. Nanyokie, yule mwekundu mwenye tamaa kuliko adabu, aliona kitu cha manjano kikipita mtoni akakifuata mbio ukingoni, wenzake nyuma yake. Kwenye kona akateremka, akaingia majini, akasimama. Maji hayakufika hata magotini mwake.

"Hapo!" Mutindi alipaza sauti. Aligeuza kayaki, akapiga kasia hadi mabega yakawaka moto, na matope yakaipokea. Tajeu alidaka pembe ya Nanyokie, na hata walipokwama salama hakuiachilia.

Ng'ombe hakumjali. Aliingiza mdomo katikati ya miguu ya Tajeu, akanywa maji yaliyokuwa yamerukia ndani. Mutindi aliangua kicheko, Tajeu naye akacheka, wakacheka hadi wakakaa kwenye matope.

Asubuhi Ndambuki alifika na msumeno wake. Tajeu akamwonyesha pipa kuukuu la mafuta.

"Kata hilo, utengeneze hori."

"Na hii ya manjano?"

"Hiyo ni ya mke wangu. Ng'ombe wakiitaka, wamwombe yeye."