Kibao Kwenye Droo ya Vijiko

Kwa miaka thelathini na moja nilisoma mita za maji za watu, na kazi ile ilinifunza jambo moja tu la maana: namba haisogei yenyewe. Ukikuta nyumba imefungwa, mapazia yameshushwa, majirani wanaapa kwamba wenyewe walihama zamani, na mita imesogea, funga daftari lako uondoke taratibu. Humo ndani kuna mtu anakunywa maji.

Nayasema haya mapema usije ukadhani nilichanganyikiwa baada ya kufiwa. Anayedhani hivyo ni binti yangu. Nyumbani tunamwita Profesa, kwa sababu hanunui hata mwiko bila kuulinganisha na mwiko mwingine. Ni muuguzi katika wodi ya kusafisha figo, ileile aliyokuwa akienda mama yake mara tatu kwa wiki, mkono wa kushoto umefungwa kwenye mashine, wa kulia umeshika kibao. Kibao ndilo jina mke wangu alilokipa kifaa chake cha kusomea vitabu, chembamba kama daftari, chenye skrini ya kijivu isiyochoma macho kama ya simu.

Jumatatu Profesa aliniletea kibao kipya, pamoja na karatasi aliyoipiga mistari. Nivitumie vibao vyote viwili, hicho na cha mama yake, mpaka Jumamosi, nimwambie kipi kinamfaa mtu wa mkono mmoja. Alikuwa na mgonjwa, fundi cherehani mstaafu, ambaye hukaa kwenye mashine akihesabu mabaka ya dari. Kitakachofaa kingefutwa kila kitu na kupelekwa kwake. Kingine changu.

Kusema kweli kipya kilikuwa na maringo yake. Kina taa ndani, hakiogopi maji, herufi unazikuza mpaka kipofu akuonee wivu. Lakini kugeuza ukurasa lazima ukiguse usoni, na ukikishika kwa mkono mmoja dole gumba linateleza, mara umetupwa sura ya tisa. Cha zamani kizito, kinasuasua, na kila ukurasa unaacha kivuli chake hafifu nyuma ya ule unaofuata. Ila kina kitufe ubavuni, palepale dole gumba linapolala. Unabonyeza, tk, umegeuka. Na vyote viwili vina tabia moja: umeme vinaula wakati wa kugeuza ukurasa tu. Chaji ikiisha, ukurasa wa mwisho unabaki pale pale hata miaka.

Mke wangu aliishia ukurasa wa 188 wa hadithi ya upelelezi yenye kurasa 240. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekitoa kile kibao mkononi mwake. Jumatatu ile kilionyesha 188. Nikakirudisha kwenye droo ya vijiko.

Jumanne kilisoma 196.

Nikasema ni mimi, nimebonyeza bila kujua. Nikaibandika droo utepe, kama tulivyokuwa tukifunga mita za wajanja. Jumatano utepe haujaguswa, namba 204. Nyuma ya maandishi kulikuwa na kivuli cha ukurasa wa 203. Maana yake hakuruka. Alikuwa anasoma, ukurasa mmoja baada ya mwingine, nane kwa siku.

Siku hiyo saa nane mchana nilikuwa naosha vyombo nikasikia tk. Kimya, muda wa kutosha mtu kumaliza ukurasa. Tk. Sikugeuka. Niliosha sahani moja mpaka maua yake yakakaribia kutoka.

Sasa nikuambie kilichonitisha, maana si kile kibao kusoma. Nilipiga hesabu: kwa nane kila siku, zilibaki siku tano kitabu kiishe. Mke wangu hakuwahi kukaa na kitabu alichokimaliza. Akifika mwisho, anafunga, anainuka, anaondoka chumbani.

Alhamisi kilisoma 212, na alama ya chaji imebaki kijistari. Nilisimama na waya mkononi. Nikauficha ndani ya kiatu changu cha zamani cha kazi. Chaji ikiisha, angesimama katikati ya sentensi, na nyumba isingekuwa tupu tena. Na kwenye karatasi ya Profesa niliandika kwamba kitufe ni kibovu.

Ijumaa kilisoma 214 tu. Skrini ilikuwa imeganda. Nikaenda kujifariji na kibao kipya, ambacho Profesa alikifungua kwa akaunti ileile ya mama yake. Nilipokiwasha kikanambia kuna maandishi mapya pembeni ya ukurasa wa 214. Nikagusa.

"Baba watoto, acha utundu. Nitilie chaji."

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Niliketi sakafuni. Miaka yote ya ndoa nilimharibia vitabu. Nilikuwa nachungulia mwisho, halafu namwambia akiwa katikati, huku anakunywa chai: muuaji ni daktari. Mara ya mwisho alininunia siku mbili, akaniapisha. Na mwisho wa hiki cha sasa pia nilikuwa naujua.

Nikatoa waya kiatuni. Nikachomeka kibao, nikafungua pazia la jikoni mwanga umfikie, nikatoka nje na kukaa kwenye ngazi mchana kutwa, nisije nikasema neno. Mlango nyuma yangu ulikuwa unatoa tk, tk, tk, kama mvua inayokaribia kukata.

Jumamosi kilisoma 240. Nikaichana karatasi ya Profesa nikaandika nyingine: kitufe ni kizima, mpe fundi cherehani. Binti yangu alinitazama sana, akauliza kama nimelala. Akakifuta mbele yangu, akaondoka nacho.

Jumatatu kibao changu kipya kilisoma ukurasa wa kwanza. Jumanne wa kwanza. Jumatano wa kwanza. Kazi yangu naijua. Nyumba ilikuwa tupu.

Alhamisi mchana Profesa akapiga simu kutoka wodini. Alisema mgonjwa anakipenda kibao, ila analalamika. Kila akisinzia, akiamka anakuta kurasa nane zimepita, na anataka kujua nani anamtangulia. Profesa alidhani ni dole gumba lake.

"Baba, nimwambie nini?"

"Mwambie amvumilie kidogo," nikasema. "Na yeye akitangulia kumaliza, afunge mdomo."