Tarahana ya Yani

Mume wangu alikufa siku ya nne ya tarahana, na mpaka leo mimi huihesabu hivyo. Wengine watakwambia alikufa Jumatano, baina ya adhuhuri na alasiri, miaka miwili kabla Wadachi hawajatuletea mizinga yao hapa Bagamoyo. Hao hawakuwa na chungu cha kuangalia.

Jina lake Yani. Alikuwa Mgiriki, mpishi wa meli ya Suez, akateremshwa hapa kwa ajili ya homa na meli ikaenda zake. Alipopona akajenga tanuri nyuma ya soko, akawa anaoka bofulo, ile mikate ya Kizungu, akiwauzia mapadri na Waarabu na wakubwa wa misafara. Aliponiposa nilimwambia sitaki mume asiyejua kuelekea kibla. Akasilimu, akapewa jina la Yahya, na hakuna mtu aliyemwita Yahya hata siku moja, hata mwalimu aliyempa jina hilo. Watoto hatukujaaliwa. Tulikuwa wawili tu, tukigombana asubuhi na kupatana kabla ya chakula, maana hasira zangu mimi ziko karibu, na yeye alikuwa mtu wa kucheka.

Kila mwaka, masika yakishapita na kipupwe kuingia, jua likawa kavu na usiku ukawa na ubaridi, Yani alikuwa akitengeneza tarahana. Ndiyo chakula cha kwao. Alinunua ngano nzima dukani kwa Mhindi, akaipaaza kwenye jiwe, isiwe unga wala isibaki punje. Akaitia katika chungu kikubwa pamoja na maziwa ya mbuzi yaliyokwisha kuganda, na chumvi, na konzi moja ya tarahana ya mwaka uliopita, hiyo ndiyo chachu. Akakifunika kitambaa na kukisukuma chini ya kitanda cha chumba cha nyuma, gizani. Asubuhi na jioni alikunja mkono wa kanzu, akaikanda. Siku ya saba aliimega vidonge vidogo vidogo, akavianika uani juu ya jamvi, na vikishakauka akavisugua kwenye chekecheke mpaka vikawa chengachenga. Hizo alizifungia katika mfuko wa nguo ya marekani, na zilitutosha mwaka mzima.

Mkono wangu hakuutaka mle chunguni. "Wewe pika," aliniambia, "hii niachie mimi." Nami mara ya kwanza nilipika kama mtu mwenye adabu zake anavyopika uji, kwa tui la nazi na sukari. Alikula kijiko kimoja, akakiweka chini, akaniuliza kwa upole nimemkasirikia kwa jambo gani. Basi akanifundisha: maji, chumvi, muundi wa mbuzi, samli kidogo na pilipili manga. Ilikuwa chachu ya kukunja uso. Mwaka wa kwanza niliila kwa ajili yake. Mwaka wa tatu nilikuwa naikwangua chunguni kwa kidole.

Mwaka ule homa ilimrudia ghafla. Jumapili alikanda, Jumatatu alikanda, Jumanne nilimshika bega akakanda ameketi. Jumatano hakuamka kukanda.

Penye msiba kwetu mwenye nyumba hawashi moto siku tatu. Majirani huja na vyakula, huchukua nyumba nzima mikononi mwao, wakafagia, wakaosha, wakatandika mikeka ya wasomaji. Aliyewaongoza wanawake alikuwa Mina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, shoga yangu tangu tulipokuwa tukichezea vifuu. Mimi nilikuwa chumba cha ndani nimekaa kama gogo, sijui anayeingia wala anayetoka. Ni baada ya matanga kuondolewa ndipo nilipokumbuka, nikaenda chumba cha nyuma na kuinama. Chini ya kitanda palikuwa peupe, pamefagiliwa vizuri.

"Mina," nikamwita. "Chungu kilichokuwa hapa kiko wapi?"

Akanisogelea, akaninong'oneza kama anayenipa zawadi. "Usijali. Nimekimwaga mimi mwenyewe kabla wasomaji hawajaingia. Hakuna aliyeona. Chungu nimekivunja, na vigae nimevifukia."

"Umemwaga nini?"

"Tembo la marehemu." Akanishika mkono. "Lilikuwa linatoa povu, Mwanabaraka. Linanuka mpaka ukumbini. Mtu kasilimu, kafa vizuri na shahada mdomoni, leo watu waje wamseme yu ndani ya sanda? Nimekusitiria."

Nilimtazama. Mfuko wa marekani ulikuwa mtupu; konzi ya mwisho Yani aliitia katika chungu kile. Kila alichokiacha kilichokuwa bado kina uhai kilikuwa mle ndani, na shoga yangu alikuwa amekimwaga shimoni kwa wema. Lau angekuwa amekimwaga kwa ubaya ningejua la kufanya. Nilimwambia atoke. Nilimwambia na mengine, ya mama yake na ya ndoa zake mbili zilizovunjika, maneno ambayo nikiyakumbuka nafunika uso. Mina aliokota leso yake akaenda.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya kuta zilezile, sitoki, sijipambi, sina wa kugombana naye. Mina alikuwa akileta chakula mlangoni asubuhi, akabisha hodi, akakiweka. Sikukigusa. Jioni kilikuwa kimejaa sisimizi, naye akaja kukichukua. Alifanya hivyo siku ishirini na moja, siku ya ishirini na mbili hakuja. Nilijiambia afadhali. Usiku nilikuwa nikimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, na mara moja nilikohoa na mimi, makusudi, ili asikie kwamba nipo. Kisha nikajionea haya. Upweke nilikuwa nikiusikia ukisemwa na watu nikidhani ni huzuni tu, kumbe ni kazi: kutandika peke yako, kuzima taa peke yako, kupika kipimo cha mtu mmoja na kila siku kukosea ukapika cha wawili.

Eda ilipokwisha nikaanza kuuza vitumbua kwa wapagazi, na nikaapa kwamba tarahana itarudi nyumbani kwangu. Nilitaka kukisikia tena kile kitu ulimini. Nikadhani nikikipata, Yani atakuwa hajaondoka kabisa.

Sikuwa na subira ya kungojea kipupwe. Nikatengeneza katikati ya kiangazi, na joto lile likaniharibia. Siku ya tatu chungu kiliota ukungu wa kijani na manyoya. Cha pili nilikianika vizuri, ikanyesha mvua nikiwa sokoni. Nikarudi nikakuta uji umetapakaa jamvini na kuku wa jirani wakishangilia. Kuku wa Mina, naam. Niliwatupia kiatu.

Basi masika yakaja yakapita, na kipupwe kikaingia. Nikamwendea Sikuzani, mwanamke wa njia ya Kaole mwenye mbuzi, nikachukua maziwa, nikayaacha yagande, yawe ndiyo chachu. Nikapaaza ngano mwenyewe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilikumbuka kila alichokifanya Yani isipokuwa kile ambacho mkono wake tu ulikijua: iwe nzito kiasi gani, chumvi konzi au nusu konzi, ikandwe mpaka lini. Nikakunja nguo mpaka begani nikautia mkono mahali ambapo hakunitaka niutie. Ilikuwa baridi na yenye kunata. Siku ya nne ikaanza kutoa povu, na harufu ikapanda ile ya kukunja pua. Nililala chumba cha nyuma usiku ule, juu ya kitanda, na chungu chini yangu.

Nikaimega, nikaianika, nikakaa na fimbo ya kufukuzia kuku siku nne nzima. Nikaisugua. Siku ya tano nikanunua muundi wa mbuzi, nikapika kama alivyonifundisha. Nikatandika mkeka, nikapakua, nikala.

Ilikuwa chachu. Ilikuwa nzuri. Kijiko cha kwanza nikasema, ndiyo yenyewe. Cha pili nikasema, yake ilikuwa kali zaidi. Cha tatu nikasema la, yake ilikuwa na chumvi kidogo kuliko hii. Nikafumba macho nikaitafuta ile ya Yani, nikakuta kinywani mna hii tu ninayoila, na kila kijiko kilikuwa kikiifuta ile nyingine. Nikaacha kula. Niliogopa, nakwambia kweli, niliogopa kuliko siku aliyokufa. Siku aliyokufa nilijua ninachopoteza.

Nani mwingine aliyewahi kuila? Mapadri walinunua mkate tu. Yani hakuwa na ndugu upande huu wa bahari. Ndipo nikamkumbuka Mina. Kila mwaka, miaka sita, tarahana mpya ilipopikwa nilimpelekea bakuli, kama majirani wanavyopelekeana, naye akalirudisha limeoshwa na ndani yake ametia ndizi au mihogo, maana chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Mji mzima, ulimi mwingine ulioijua ulikuwa huo mmoja. Nikajiuliza mtu aliyekula bakuli sita aliwezaje kuidhania tembo, lakini sikujiuliza sana. Nilikuwa na shida.

Nikapakua bakuli likiwa la moto, nikatoka. Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua kumi na moja, nami sikuwa nimezipiga kwa mwaka mzima.

"Hodi."

Nikabisha tena.

"Hodi, Mina."

"Nani?" Sauti yangu anaijua tangu hatujaota meno ya pili.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi mjinga. Fungua, naungua."

Akafungua. Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na ukili anaousuka, na hakuuweka chini. Nikamnyoshea bakuli pale pale kizingitini, salamu sikutoa.

"Onja. Uniambie kama ndiyo yenyewe."

Akalitazama bakuli, akanitazama mimi. "Siwezi kukwambia, Mwanabaraka."

"Hujaonja utajuaje?"

"Hata nikionja." Akavuta ncha ya leso akaziba mdomo. "Sikupata kuila hata siku moja. Ile ya kwanza niliinusa ikanishinda, na kukurudishia nikaona haya. Nikawapa kuku. Baadaye ikawa kila mwaka nawapa kuku."

"Miaka sita?"

"Walinenepa," akasema Mina.

Nilitaka kukasirika. Wallahi niliitafuta hasira, mimi ambaye haijapata kunikosa hata siku ya Idi, na sikuiona. Nikakaa kwenye baraza yake na bakuli mapajani, nikalia kwa sauti, mchana kweupe, watu wanapita. Msibani nililia kama wanavyolia watu wote. Hiki kilikuwa kilio changu.

"Nimeisahau," nikamwambia. "Nimesahau ilivyokuwa, Mina, na hapana tena mtu wa kumwuliza. Wewe ndiwe uliyekuwa umebaki."

Hakuniambia nisubiri. Hakuniambia ni kazi ya Mungu. Akauweka ukili chini, akaketi karibu yangu, akaniondolea bakuli mapajani. Kijiko sikuwa nimeleta. Akaliinua kwa mikono miwili akanywa, na uso wote ukamkunjamana kama wa mtoto anayepewa shubiri. Akameza. Nikamwona anapumua kwanza, kisha analiinua tena.

"Mbaya," akasema. "Tena mbaya sana. Haya, niambie yake ilikuwaje."

"Nimekwambia nimesahau."

"Niambie hivyo hivyo. Ukikosea, nani atakusuta?"

Nikajifuta pua. Nikamwambia yake ilikuwa kali kuliko hii. Kisha nikasema hapana, ilikuwa laini, ukali ulikuja nyuma, ukishameza. Nikasema pilipili manga alitia mwisho, nikakumbuka kwamba alitia mwanzo, kwenye samli, akapiga chafya, na kila mwaka alijifanya kushangaa. Nikamwambia alivyokuwa akikunja mkono wa kanzu mara tatu, hata kama mara mbili zingetosha. Nikamwambia alivyoimba kwa lugha yao akikanda, vibaya. Mina alikuwa akinywa kidogo kidogo na kuuliza, na machozi ya ule uchachu yalikuwa yakimtiririka, na nilipojipinga mwenyewe mara ya nne hakunisuta.

Jua likahama barazani. Nilikuwa nimesema uongo mwingi na kweli chache, nisijue ipi ni ipi, na Mina alikuwa amelimaliza bakuli mpaka chini. Akajifuta mdomo kwa leso. Akaniuliza kama imebaki nyingine, na nikajua anasema hivyo kwa ajili yangu tu, nikaenda kumletea.