Mnunuzi Aliyepanga Kwanza

Kisilu hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alipostaafu kazi ya serikali, madalali walimjia na karatasi zenye hesabu tamu za mali Nairobi, ghorofa Hurlingham, ploti Riruta, na katika karatasi hizo bomba halikupasuka hata siku moja. Yeye akachagua ploti ya Riruta, nyumba nane za mawe zinazotazamana, mali ya mzee Gerishon. Kisha akafanya jambo lililomfanya mkewe Carolyne amshike paji la uso kuona kama ana homa: akapanga nyumba moja humo, bila kuwaambia majirani kwamba ndiye mnunuzi. Alitaka kuijua ploti kwa ndani kabla ya kumwaga humo pensheni yake yote.

Na aliijua. Maji ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yalikuja yalipojisikia, na yasipokuja Gerishon alinunua ya lori. Choo kiliziba, fundi akalipwa, kikaziba tena. Nyumba ya pembeni ilikaa tupu miezi miwili. Kisilu alitoa hiki, akatoa kile, akaona kwamba pesa yake ingechukua miaka kumi na minane kurudi. Akamwendea Gerishon na kumwambia waziwazi kwamba kwa bei ile hesabu haikubali. Alitarajia kupunguziwa. Gerishon alisema atafikiria.

Kitu ambacho Kisilu hakukipigia hesabu ni majirani. Mama Kui, aliyeuza githeri, mahindi na maharagwe, barabarani, hakupita mlangoni pao jioni bila kumwachia Carolyne bakuli. Muthama kinyozi alimnyoa bure mara ya kwanza, akidai mgeni halipi. Kisilu aliwapenda, na jambo hilo lilimuudhi kidogo, maana hakuwa amekuja kupenda mtu.

Mwisho wa mwezi notisi ikabandikwa langoni: kodi itapanda kwa shilingi elfu tatu. Mama Kui alisema hana pa kuzitoa, itabidi ahame na watoto katikati ya muhula. Wapangaji wakakutana uani wakamchagua Kisilu awe msemaji wao. Ana mvi, walisema, ana Kiswahili cha ofisini, na Gerishon atamheshimu. Carolyne aliinama akajifanya anafunga kiatu.

Gerishon alimpokea kwa chai. Kisilu alipoitaja kodi, mzee alishangaa kwelikweli.

"Si ni wewe nimepandishia? Ulisema hesabu haikubali. Piga tena sasa, utaona."

Kisilu akaipiga kichwani, hakuweza kujizuia. Ilikubali vizuri sana. Pesa ingerudi miaka mingi mapema, na nyingine ingetoka kwenye sufuria ya Mama Kui. Aliona aibu mpaka chai ikamshinda.

Alirudi kwa miguu, polepole, akapita kona yake na kulazimika kurudi nyuma. Wapangaji walikuwa langoni wakimngoja. Mama Kui akamuuliza mzee amesemaje. Uongo ulikuwa karibu, tena mzuri: angesema Gerishon amekataa katakata, na lawama zote zingemwendea mwingine.

"Ni mimi," alisema. "Hii ploti nataka kuinunua. Rent imepanda kwa sababu yangu."

Hakuna aliyefoka. Muthama aligeukia ukuta. Mama Kui alimtazama kuanzia viatu hadi mvi, taratibu, kama mtu aliyemwona leo kwa mara ya kwanza.

"Basi tuambie wewe, landlord," akasema. "Ni ngapi?"

Kisilu alisema akinunua kodi itakuwa ile ya zamani, akaingia ndani kabla hajabadili nia. Carolyne alikuwa amekwisha kupakua chakula, na kutoka mezani alikuwa amesikia yote.

"Kwa rent hiyo," Kisilu alimwambia, "pesa yangu itamaliza kurudi nikiwa karibu miaka themanini."

Carolyne akamsogezea sahani ya sukuma.

"Basi kula mboga," akasema. "Ufike."