Fomu Kwenye Mkoba wa Chakula

“Usinipigie kelele, Mama! Huijui kazi yangu.”

“Siijui? Miaka sita unanihubiria jikoni humu! Sufuria ikiungua hutaki kusikia nani kaiunguza, unataka kujua jiko limewekwaje. Haya, leo nakuuliza mimi. Hii karatasi imefikaje humu?”

Mkoba wake wa chakula ulikuwa mkononi mwangu, unachuruzika maji. Nilikuwa ndiyo naanza kuufua, nikapekua mifuko, nikakuta kwenye mfuko wa pembeni fomu iliyokunjwa mara nne, ina doa la mafuta. Muuguzi wa wodi ya watoto aliandika kwamba chupa mbili za dawa tofauti zina kifuniko cha buluu na zinakaa rafu moja, iko siku watazichanganya. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Wiki iliyopita zilichanganywa kweli, na aliyezichanganya ni yeye mwenyewe aliyeonya. Mtoto alilala siku mbili hajitambui. Kwa bahati amezinduka.

Binti yangu ni mwanasaikolojia wa hospitali hiyo. Anachunguza namna watu wenye akili timamu wanavyokosea kazini. Saa nne kikao kilikuwa kinasubiri ripoti yake, na mkurugenzi alishamchagulia neno la kuandika: uzembe. Muuguzi afukuzwe, yaishe. Ilikuwa saa tatu na robo.

“Muuguzi alinipa kwenye ngazi,” alisema, sauti imeshuka. “Mikono imejaa mafaili. Nikaichomeka hapo, simu ikalia.”

“Ukasahau.”

“Nikasahau. Mtaalamu wa makosa!” Alicheka vibaya. “Jana kaniuliza mbele ya watu, ‘Dada, fomu yangu uliifikisha?’ Nikamjibu nitaangalia. Nimepekua ofisi nzima, Mama. Mkoba haukunijia akilini.”

“Sasa umekujia.”

“Nikiitoa, mzembe ni mimi. Kazi imekwenda, na nyumba hii tumepewa na hospitali. Nikinyamaza, namzika mwenzangu. Nitokee wapi?”

Alizunguka meza, akafika dirishani, akarudi. Jiko letu ni hatua nne tu. Akasimama akilitazama beseni la povu.

“Ungeufua bila kupekua mifuko,” alisema polepole, “wino ungeyeyuka. Hakuna ambaye angejua.”

Sitadanganya, nililitazama beseni na mimi. Nina goti bovu na sina pa kuhamia. Fomu ilikuwa imeloa pembe moja tu.

“Lakini nimepekua,” nikamwambia. “Na wewe umeiona. Usinitume kazi hiyo.”

Akakaa mbele ya kompyuta. Nilidhani analia, kumbe anasoma ripoti yake. Akalifuta lile neno la mkurugenzi, uzembe. Akaandika, huku akitamka kila neno kama anayenisomea mimi: “Muuguzi alitoa onyo kwa maandishi. Nililipokea mimi. Sikulifikisha. Chupa bado ziko rafu moja.”

“Hebu inyooshe,” akasema.

Nikafuta meza kwa kitambaa kikavu, nikailaza fomu, nikaibana pembe kwa viganja. Akaipiga picha mara mbili, ya kwanza ilikuwa na kidole changu.

“Unawatumia wanakikao wote?”

“Wote. Na yeye muuguzi.”

“Mkurugenzi atakurukia.”

“Anirukie. Toa mkono, Mama, umefunika tarehe.”

Nikautoa. Akapiga ya tatu, akaiambatanisha, akatuma. Kisha akainama kutafuta viatu vyake.